Maswali ya wasomaji: Betri inalala njaa

SWALI: Nina kibanda cha kuchaji simu hapa Kilwa Kivinje. Nimefunga paneli ya wati 100, betri ya N100 na inveta. Usiku nawasha taa tano na TV. Betri ya kwanza ilikufa baada ya miezi tisa, na ya pili sasa inazima saa mbili usiku. Nimeuziwa feki?

JIBU: Kabla ya kumlaumu muuzaji, tupige hesabu. Simu ya mAh 5,000 hula kama wati-saa 20 hadi ijae. Simu 15 ni 300. Taa tano za wati 5 kwa saa tano, 125. TV ya wati 30 kwa saa hizohizo, 150. Inveta, inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi, hula wati 10 hivi hata isipobeba kitu, na ukiiacha saa 12 ni 120 nyingine. Jumla karibu 700. Paneli yako, kwa saa tano za jua kali, ukitoa robo inayopotea kwa joto, vumbi na waya, inaingiza 375 tu.

Betri ya madini ya risasi, kama yako, isipojaa siku nyingi hugandisha salfeti (chumvi ngumu ya risasi) kwenye bamba zake, na palipoganda hapapokei tena chaji. Isitoshe N100 nyingi ni za gari: bamba nyembamba za kuwashia injini, si za kushushwa chini ya nusu kila usiku. Kununua ya tatu sasa ni kutwanga maji kwenye kinu.

Anza na lisilo na gharama kubwa: simu zichajiwe saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, kwa chaja za gari za volti 12, inveta ibaki ya TV. Kisha ongeza paneli ya pili ya wati 100, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Zote mbili hutoa ampea 11 hivi, kwa hiyo kontrola (kifaa kinachodhibiti chaji kati ya paneli na betri) ya ampea 10 haifai. Weka ya 20.

Kwenye waya ndiko wengi hubania. Umbali wa meta 10 kwa waya wa milimeta za mraba 2.5 hula volti 1.5, na paneli ikichemka mchana volti zake nazo hushuka. Betri haifikii 14.4 inazohitaji ili ijae. Tumia waya wa 6. Unganisha betri kwenye kontrola kwanza, paneli mwisho. Ukifungua, anza na paneli.

Ongeza maji ya betri ya dukani tu. Ya kisima cha pwani yana chumvi, yataimaliza. Baada ya wiki moja pima alfajiri, kila kitu kikiwa kimezimwa nusu saa: ikiwa chini ya volti 12.2 hata ulipotumia kidogo, hiyo betri imeshakwisha.

SWALI: Paneli ielekee wapi? Niko Mikindani.

JIBU: Kaskazini. Maelekezo ya "kusini" ni ya Ulaya. Mtwara iko nyuzi 10 kusini mwa ikweta, hivyo kwa paneli ya meta moja inua ukingo wa kusini sentimeta 20 hivi; mvua nayo itaiosha. Boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu, maana upepo wa bahari hula za kawaida upesi.