Bajeti ya maonyesho ianze na nauli ya bibi

Kwanza niseme mi sio mtaalamu wa makumbusho, nilijikuta tu kwenye hii ishu baada ya kupeleka wageni Bujora, makumbusho ya Wasukuma pale Kisesa, Mwanza. Unaona ngoma za watemi, habari za Wagika na Wagalu (yale makundi mawili ya ngoma yanayoshindana), kazi aliyoianzisha Padre David Clement na Wasukuma wenyewe, na ni nzuri kwakweli. Ila siku ile narudi na daladala nikashukia Kirumba, napita soko la samaki la Mwaloni nawaona kinamama wa dagaa, nikajiuliza hawa nao historia yao nani anaitunza? Tukakusanyana watu watano tukaanza kusaka hela ya maonyesho ya historia yao.

Andiko letu la kwanza la kuomba hela kwa mfadhili lilikataliwa, na nikilisoma leo naona halali yetu. Makabati ya vioo, mabango, taa, chakula cha mgeni rasmi (mgeni rasmi jamani!), halafu mstari wa mwisho kabisa "ushirikishwaji wa jamii" na kahela kadogo kama sadaka ya watoto.

Aliyetufungua macho ni bibi mmoja anayeanika dagaa Igombe, kule ziwani. Alitusikiliza wee, tukamaliza maneno yetu, akauliza: "Sasa wajukuu zangu, nikikaa hapa na nyie mpaka saa nane, dagaa zangu nani atazigeuza? Na wingu hilo mnaliona?" Dagaa zikilowa umekula hasara, hamna mjadala. Kwahiyo andiko la pili tulianzia hapo: nauli, chakula, fidia ya siku ya kazi kwa kila anayekuja kusimulia, na hela ya kurudi kwake mara ya pili na ya tatu. Usidharau hiyo ya kurudi. Mama mmoja alianza habari za MV Bukoba, ile meli iliyozama tarehe 21 Mei 1996, akafika katikati akanyamaza, basi siku hiyo tumefunga daftari tumekunywa chai tumeondoka.

Kalenda nayo ni hela. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi wako nchi kavu, ndo wakati wa kuwapata. Sisi tuliandika tu "mahojiano wiki ya pili na ya tatu", ikaangukia giza, tukawa tunaongea na watu wanasinzia. Mweleze mfadhili mapema, ukimwandikia vizuri anaelewa.

Risiti sasa. Hela inakuja kwa awamu, na awamu ya pili hupewi mpaka ya kwanza umeitolea hesabu, na bodaboda wa Igombe hana mashine ya risiti. Kabla hujasaini chochote uliza kama watakubali fomu ya malipo yenye jina, kiasi, namba ya simu na sahihi au dole gumba. Sisi hatukuuliza, kuna laki kadhaa tulizilipa mfukoni.

Upande wa watu wenye ulemavu, usisubiri iliyobaki maana haibakigi. Mwanza ni miamba na ngazi kila mahali, ukumbi tuliopewa bure ulikuwa na ngazi tatu tu, kijana wa kiti mwendo akabebwa msobemsobe na wanaume wanne mbele ya watu wote. Sura yake sijaisahau. Fundi wa kutengeneza mteremko wa mbao angetosha. Weka pia mkalimani wa lugha ya alama, maandishi ya nukta nundu, na vitu vya kushika na kunusa, dagaa hawana shida hiyo.

Watu watakwambia nenda halmashauri kuna ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yaani 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Sikiliza, ule ni mkopo, unarudishwa, mama akaongezee mtaji wa biashara yake, usiutie kwenye maonyesho ambayo hayaingizi kitu. Mifuko ya nje ipo, kama ule wa mabalozi wa Marekani wa kuhifadhi utamaduni ulioanza 2001, ila soma masharti vizuri kama wanalipia pia masimulizi ya watu au vitu na majengo tu. Na usitegemee mfuko mmoja, USAID ilivyofungwa 2025 tuliona. Sisi turubai na viti tuliazima msikitini, uchapaji wa mabango tulipunguziwa nusu, vijana wa grupu la WhatsApp wakachanga kwa simu, na kile kidogo tulikiandika kama mchango wetu, wafadhili wanapenda sana kuona hivyo.

Kitu kilichovuta watu kuliko vyote ilikuwa karabai, taa ya zamani ya mafuta ya marehemu mume wa yule bibi wa Igombe, tumeiazima kwa maandishi, kila kitu sawa. Tukaona ina masizi, tukaisugua mpaka ikang'aa. Alipokuja kuichukua aliigeuzageuza mikononi, akauliza masizi yako wapi. Hatukuwa na jibu. Bajeti ya safari hii ule mstari wa usafi wa vifaa nimeufuta.