MTA Ni Ghali, Nunua Vivyo Hivyo

Juzi kijana anayesomea udaktari wa meno ameniuliza: akifungua kliniki yake Kisauni, aanze na dawa gani ya kuziba ncha ya mzizi, maana MTA, ule unga wa kuzibia, ni ghali mno? Swali limenigusa kidonda.

Nilikuwa mgeni katika kliniki moja hapa Mombasa, sitaitaja. Jino la mbele la mama mmoja lilikuwa limeshatibiwa mzizi, likatibiwa tena, na usaha bado unarudi. Ilibidi tupasue ufizi, tukate milimita 3 za ncha, kisha tuzibe kutokea huko juu. Mkubwa wangu akataka amalgamu, ule mchanganyiko wa zebaki na fedha, “ndiyo ya siku zote.” Nilipotaja MTA akawageukia wauguzi: “Mwamsikia fundi wa simiti?” Wakacheka. Mimi mpaka leo sijaona cha kuchekesha.

Unga nikanunua kwa pesa zangu. Picha ya eksirei ya baadaye ilionyesha mfupa umejaa palipokuwa na shimo. Nikamwonyesha mkubwa, akasema taa ya chumba ni mbovu.

Na simiti ni simiti kweli! MTA ilibuniwa Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, na Mahmoud Torabinejad na wenzake, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sehemu kubwa ni silikati za kalsiamu, kama simiti ya Portland, na bismathi oksidi ili ionekane kwenye eksirei. Lakini ya mjenzi haikusafishwa kwa ajili ya mwili wa mtu, kwa hivyo usinijie na mfuko wa dukani. Nchani pana damu na majimaji; MTA huhitaji unyevu ndipo igande, na mfupa huikubali. Amalgamu huweza kuvuja pembeni na kuacha baka jeusi ufizini. Zinki oksidi na eugenoli, yale mafuta ya karafuu, huziba, ila huwasha tishu ikiwa mbichi.

Basi mdogo wangu, nunua. Ifunge barabara, hewa yetu ya pwani itaugandisha unga ndani ya pakiti. MTA huchukua saa kadhaa kuganda, kwa hivyo usimwage maji juu yake ukaisomba. Ukiwa na haraka, Biodentine, simiti nyingine ya meno ya aina hiyo, huganda kwa dakika 12 hivi. Usimbanie mgonjwa ukajipambia kiti cha ngozi. Na piga picha kabla hujashona ufizi: ukiona pengo, itoe uzibe upya hapo hapo, ganzi ingali inafanya kazi.