Doksi na maziwa

Ukiuliza kama doksisaiklini (doksi), dawa ya kuua bakteria, inamezwa kwa maziwa: hapana, usiimeze hivyo. Kalsiamu inaishika dawa tumboni, kinachoingia kwenye damu kinapungua. Vidonge vya kuongeza damu na dawa za kiungulia ndiyo vibaya zaidi kumeza pamoja na doksi, achanisha kwa saa 2 au 3. Meza na glasi nzima ya maji ukiwa umekaa, na usilale kabla ya nusu saa. Kapsuli ikinasa kooni inachoma kwelikweli. Nauza dawa, nimeona watu wanarudi dirishani hata mate hayapiti. Ikikusumbua tumbo, kula kwanza, wali au ugali hauna shida. Ila kama ni mjamzito usianze bila kumuona daktari. Na jua la mchana likwepe, ngozi inaungua upesi ukiwa kwenye dozi.