Shahada ya baiolojia na leseni ya maabara ya hospitali

Mama, umeuliza kama shahada ya baiolojia ya Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, inamtosha binti yako kufanya kazi katika maabara ya hospitali. Hapana, shahada hiyo peke yake haitamruhusu binti yako kupima damu ya wagonjwa hospitalini. Kazi hiyo iko chini ya sheria ya 1999 iliyounda KMLTTB, yaani bodi ya wataalamu wa maabara za matibabu nchini Kenya, na bodi hiyo husajili waliosomea sayansi ya maabara ya matibabu katika chuo ilichokiidhinisha. Mimi niko maabara ya hospitali hapa Nairobi. Kwenye usaili, leseni ndiyo huulizwa kwanza.

Na ni haki iwe hivyo. Anayesoma slaidi ya malaria lazima atofautishe kimelea na chembe ya rangi iliyoganda kwenye kioo. Akikosea, mtoto mwenye homa anarudishwa nyumbani bila dawa. Jicho hilo hupatikana kwa mazoezi ya hospitalini chini ya msimamizi, na mazoezi hayo yamo ndani ya kozi ya sayansi ya maabara ya matibabu.

Lakini asiidharau baiolojia, tafadhali. Taasisi za utafiti kama KEMRI (ya tiba), ILRI kule Kabete (ya mifugo) na icipe kule Kasarani (ya wadudu) zina kazi za mbu, mifugo na DNA zinazowahitaji watu wa fani hiyo, hasa wakiongeza uzamili. Kama moyo wake uko kwa wagonjwa, abadilishe kozi mapema aingie sayansi ya maabara ya matibabu, na kabla hamjalipa karo aiulize bodi yenyewe kama kozi hiyo, katika chuo hicho hicho, imeidhinishwa. Kuona neno "biomedikali" kwenye tangazo hakutoshi.