Vibrio Hafukuziki Bwawani: Kwa Wanaoanza Kufuga Kambamiti

Anayeanza kufuga kambamiti huuliza dawa kwanza. Tunamwomba aanze na hili: bakteria wa jamii ya Vibrio ni wenyeji wa maji ya chumvi. Wamo baharini unakovuta maji, wamo kwenye tope, wamo hata kwenye utumbo wa kamba mzima. Huwezi kuwamaliza. Unachoweza ni kuwanyima chakula na nafasi, na makosa mengi ya mabwawa mapya ni ya kuwapa vyote viwili.

Chukua klorini. Bwawa la mita za ujazo 1,000 likihitaji miligramu 20 za klorini hai kwa lita, unatumia takriban kilo 31 za unga wenye nguvu ya asilimia 65. Mwaga jioni, kwa sababu jua huivunja, na usitangulize chokaa majini, maana pH ikipanda juu ya 8 klorini hupoteza nguvu nyingi. Hadi hapo wengi hufanya sawasawa. Kosa huja baada ya siku tatu, kipimo kinapoonyesha klorini imekwisha na maji yanang'aa kama ya chupa: mtu hufurahi, akaweka vifaranga wa kamba siku hiyo hiyo. Maji yale ni shamba lililofyekwa. Gugu linaloota haraka ndilo litakalolitwaa, na Vibrio aitwaye V. parahaemolyticus ni miongoni mwa bakteria wanaozaana haraka kuliko wote wanaojulikana. Penye joto na chakula cha kutosha hujigawa ndani ya dakika kumi hivi. Wale wapole ambao wangemshindania chakula umeshawaua wewe mwenyewe.

Kwa hiyo subiri. Washa mashine za hewa, weka bakteria rafiki na molasi kidogo, acha mwani uote mpaka sahani ya kupimia uangavu ipotee machoni kwenye kina cha sentimita 30 hadi 40. Siku 10 hadi 14 za kusubiri zinauma mfukoni, lakini ni nafuu kuliko kununua vifaranga mara mbili. Huko Ufilipino wafugaji huvuta maji ya bwawa lenye perege na kuyaingiza kwa kamba, na maji hayo ya kijani hupunguza Vibrio wanaong'aa usiku. Kanuni ni ile ile: jaza nafasi kabla adui hajaijaza.

Gonjwa unaloliogopa zaidi ni AHPND, la kuoza ini la kamba, lililoanza kuitwa EMS, yaani vifo vya mapema. Lilionekana China mwaka 2009, likapita Vietnam, Malaysia na Thailand, na mwaka 2013 likathibitishwa Mexico. Mwaka huo huo timu ya Donald Lightner wa Chuo Kikuu cha Arizona ilionyesha kuwa chanzo ni V. parahaemolyticus. Si kila V. parahaemolyticus, bali yule aliyebeba plasmidi, kipande kidogo cha DNA, yenye jeni za sumu mbili, PirA na PirB. Plasmidi hiyo huhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, na imekutwa pia kwa V. harveyi na V. campbellii. Sumu hubandua chembe za ini, kamba hushindwa kumeng'enya chakula, na vifo huja hasa ndani ya siku 35 za kwanza.

Kwa sababu hiyo, katika wiki hizo tano usipitishe siku bila kutazama ini. Toa kamba kumi kwenye sinia la chakula, watie kwenye glasi, inua kwenye mwanga. Ini zima ni la kahawia, limejaa, na utumbo ni mstari mmoja mweusi usiokatika. La mgonjwa limesinyaa na kupauka, wakati mwingine lina michirizi myeusi. Ukilibana kwa vidole halipondeki upesi. Utumbo mtupu, ganda laini. Usingoje kuona mizoga ikielea, kwani wagonjwa wa AHPND huzama. Kamba wakija juu na kingoni na ndege wakakusanyika, fikiria kwanza ugonjwa wa madoa meupe, ambao ni wa virusi.

Sahani za TCBS, za kuoteshea Vibrio ili kuwahesabu, zinasaidia, ila hesabu vizuri. Ukizimua sampuli ya maji mara kumi, ukapaka mililita 0.1 kwenye sahani, na kesho ukakuta makoloni 30, yaani vidoa vya bakteria walioota, hiyo ni 3,000 kwa mililita. Sisi huanza kuchukua hatua idadi ikipita 1,000, na mapema zaidi makoloni ya kijani yakiongezeka. Rangi lakini si hukumu. Ya kijani si lazima yawe na sumu, na ya njano si salama kwa kuwa ni ya njano tu. Kinachoamua ni kipimo cha PCR, kinachotafuta jeni za sumu zenyewe, na mahali pake pa kwanza ni kwa vifaranga kabla hujawalipia.

Dalili zikitokea, punguza chakula nusu siku hiyo hiyo au usilishe kabisa. Chakula kilichobaki pamoja na magamba ya kujivua ndiyo karamu ya Vibrio. Fyonza tope la katikati, ongeza hewa oksijeni isishuke chini ya miligramu 4 kwa lita, na usibadilishe maji mengi kwa mkupuo. Antibayotiki tunazikataa waziwazi: kamba mgonjwa hali, kwa hiyo dawa iliyochanganywa kwenye chakula huliwa na wazima na inayobaki hufundisha bakteria usugu. Tena masoko kama Ulaya hukataa mzigo wenye mabaki ya kloramfenikoli au nitrofurani.

Mwenye kidonda mguuni asiingie bwawani, V. vulnificus huingia kwenye jeraha na anaweza kuua mtu.

Bwawa likishindikana, usifungue lango. Maji yako ndiyo jirani atakayovuta kesho. Yatie klorini kwanza, yakae angalau siku tatu, ndipo uyatoe. Fukia mizoga kwa chokaa, ondoa tope jeusi, na uache sakafu ikauke hadi ipasuke nyufa zenye kina cha sentimita 5 hadi 10. Nyavu, ndoo na viatu vya bwawa hilo visiguse bwawa jingine kabla havijaoshwa kwa klorini na kuanikwa juani.