Waulize Wataalamu: Kambi ya jeshi iliyofunguliwa majira ya joto tu

SWALI: Nimesikia Hifadhi ya Taifa ya Yosemite, Marekani, iliwahi kulindwa na wanajeshi, tena kwa miezi michache ya mwaka. Kwa nini jeshi, na waliwezaje kuwazuia wafugaji? – Msomaji, Iringa

JIBU: Hifadhi ilitangazwa 1 Oktoba 1890 bila askari wa kuilinda; idara ya hifadhi za taifa haikuundwa hadi 1916. Basi mwaka 1891 Kapteni Abram Wood wa Kikosi cha 4 cha wapanda farasi alipiga kambi Wawona, upande wa kusini, akiwa kaimu mhifadhi mkuu. Alifariki 1894, na kambi ikapewa jina lake. Hakukaa katika Bonde la Yosemite lenyewe kwa sababu tangu 1864 lilikuwa chini ya jimbo la California. Liliporudi serikali kuu mwaka 1906, kambi ilihamia huko.

Msimu uliamuliwa na theluji. Ikiyeyuka, majani huota milimani na kondoo hupandishwa. Askari nao walitoka San Francisco, safari ya wiki mbili hivi kwa farasi, wakarudi baridi ilipokaribia.

Kuhusu wafugaji: sheria ya 1890 iliruhusu kuwatoa wavamizi, ila haikuweka faini wala kifungo. (Kosa la ajabu kwa watunga sheria!) Askari wakabuni dawa. Mchungaji alisindikizwa hadi mpaka mmoja wa hifadhi, kondoo wakafukuziwa mpaka wa upande wa pili. Kuwafuata alihitaji siku kadhaa za kuzunguka milima, na kundi lisilo na mchungaji hutawanyika, likaliwa na dubu. Mwenye kondoo akahesabu hasara mwenyewe. Udhaifu wa mpango huo ulionekana 1898: askari walipokwenda kwenye vita dhidi ya Hispania, kondoo walirudi kwa wingi.

SWALI: Je, kulikuwa na askari weusi? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndiyo. Kikosi cha 24 cha miguu mwaka 1899, na cha 9 cha farasi 1903 na 1904. Mwaka 1903 Kapteni Charles Young, mweusi pia, alikuwa kaimu mhifadhi mkuu wa Sequoia, hifadhi nyingine ya taifa iliyo kusini zaidi.

Jeshi liliondoka Yosemite 1914. Kambi ya Wawona sasa ni uwanja wa mahema ya wageni. Njia za doria zilitambuliwa kwa herufi T iliyochongwa kwenye magome. Baadhi ya miti bado inayo.