Kabla Hujalipeleka kwa Fundi wa Rangi, Jua Kwanza Gari Lako ni la Bei Gani

Juzi usiku nimepata ujumbe kutoka kwa kijana wa Korogwe. "Kaka shikamoo. Babu ametuachia Land Rover ya zamani, iko chini ya mwembe tangu niko shule ya msingi. Nimeshaongea na fundi wa rangi. Nikimaliza niiuze bei gani?"

Nikaandika mistari mitatu, nikafuta. Nikainuka, nikanywa maji, nikarudi. Kijana wa watu alikuwa amenigusa donda bila kujua.

Mwaka 2019 shamba moja la mkonge upande wa Muheza lilikuwa linasafisha yadi yake. Matrekta yaliyokufa, mapipa, vyuma vya kila aina, vyote vinauzwa. Nyuma ya korona, ile mashine ya kuchambua singa za mkonge, juu ya mawe, kulikuwa na Land Rover Series IIA, ile ndefu ya inchi 109 kutoka tairi la mbele hadi la nyuma. Taa zake za mbele bado ziko katikati, pembeni mwa grili, kwa hiyo nikajua ni ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, maana baadaye taa zilihamia kwenye mabega. Rangi ya kijani ilikuwa imepauka ikawa kama jani la mkonge lenyewe. Mlango wa kushoto uliandikwa namba 7 kwa rangi nyeupe, kwa brashi, na mtu aliyeandika mkono wake ulitetemeka kidogo pale saba inapokunja. Chini ya kiti cha dereva nilikuta singa za mkonge zimegandana na grisi, zimekuwa ngumu kama kamba. Kwenye kichujio cha hewa, nyigu wamejenga mji.

Wauza skrepa walikuwa wameshaanza kuipigia hesabu kwa kilo.

Mimi nilikwenda na sumaku ya spika mfukoni, najiona mjanja. Nilikuwa nimefundishwa kwamba ukitaka kujua gari limejazwa puti, ule uji mzito wa kuziba mabonde kabla ya rangi, pitisha sumaku kwenye bodi. Pasiposhika ujue hapana bati. Nikaiweka kwenye bega, ikadondoka. Kwenye mlango, ikadondoka. Nikageuka nikasema kwa sauti ili muuzaji asikie, "Hili gari lote puti!" Mzee mmoja aliyewahi kuwa dereva pale akacheka mpaka akashika kiuno. "Mwanangu, hiyo ni aluminiamu. Sumaku yako ipeleke chini."

Na kweli. Land Rover ya kwanza ilitoka mwaka 1948, Uingereza imetoka vitani, chuma kinatolewa kwa mgao, aluminiamu ya viwanda vya ndege ipo. Wakaitumia kwenye bodi. Lakini chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari zima, ni chuma, na ule ukuta kati ya injini na miguu ya dereva ni chuma. Bodi ya Land Rover haiozi kwa kutu, kwa hiyo inamdanganya kila mtu. Gari linasimama zuri juu, chini limekuwa biskuti.

Basi bei iko huko chini. Lala chali na tochi na nyundo ndogo. Gonga chesisi kuanzia mbele mpaka kwenye ule mhimili wa nyuma kabisa, na ile mikono inayotoka pembeni kubeba bodi. Chuma kizima kinakujibu kwa mlio mkali. Kilichooza kinanyamaza, au kinakumwagia unga usoni. Gonga na pale dereva anapoweka miguu, ukiwa umeinua zulia kama lipo. Sisi wa Tanga tuna jambo jingine: upepo wa chumvi. Gari lililokaa Raskazone, pale baharini, miaka kumi si sawa na lililokaa Korogwe miaka ishirini. Aluminiamu inapokutana na chuma palipo na chumvi, inaanza kuota unga mweupe, inavimba kwenye riveti. Ukiona huo unga, punguza bei.

Ya kwangu ililia vizuri kote isipokuwa mhimili wa nyuma. Nikatoa plagi, nikachomeka hendeli mbele, nikasukuma. Haikwenda. Nikamimina dizeli kidogo kwenye kila silinda, nikaacha siku mbili, nikarudi. Ikazunguka. Wallahi sikuwahi kufurahi hivyo tangu nioe. Nikalipa milioni 4 na nusu, na laki 4 za kulikokota mpaka Chumbageni.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu.

Nilituma picha kwa mnunuzi mmoja wa Nairobi anayekusanya magari haya. Akajibu siku ile ile: milioni 14, lisiguswe, nakuja mwezi ujao. Neno "lisiguswe" nililisoma, sikulielewa. Nikajiambia, kama anatoa 14 likiwa chafu, likiwa linang'aa si atatoa 20? Nikalipeleka gereji moja Ngamiani. Wakapiga msasa mpaka aluminiamu ikaonekana, wakanyoosha mabonde yote, wakalipaka kijani kipya, viti wakashona rexini nyeusi. Milioni 3 na laki 2. Watoto wa mtaa walikuwa wanapiga picha nalo.

Mgeni akaja kwa basi kupitia mpaka wa Horohoro. Akalizunguka mara moja. Akasimama mlango wa kushoto, akapitisha kiganja pale polepole, kama mtu anayempapasa ng'ombe mgonjwa. Akauliza, "Saba iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Akatoa milioni 7, na nikazichukua kwa sababu fundi bado alikuwa ananidai. Hasara milioni 1 na laki 1, ukiacha hizo 14 ambazo zilikuwa zangu mkononi. Mke wangu mpaka leo anasema yule bwana alinilipa namba aliyoikosa.

Ndiyo maana nakasirika ninapoona vijana wanakimbilia rangi. Mnunuzi wa gari la aina hii hanunui usafiri. Kama ni usafiri angenunua Noah. Ananunua rangi iliyopakwa kiwandani, kiti kilichochakazwa na dereva mmoja miaka thelathini, namba iliyoandikwa kwa mkono. Bonde linanyooka wakati wowote. Rangi ya zamani ukishaipiga msasa umeimaliza. Na ukipaka mpya, hata kama chuma cha chini ni kizima, mnunuzi anajiuliza unaficha nini, na kila anachojiuliza anakikata kwenye bei. Ana haki. Mimi mwenyewe nimewahi kununua Peugeot 404 iliyopakwa vizuri, na kwa kuwa bodi yake ni chuma, hiyo sumaku ingenisaidia kweli kweli, lakini niliiacha nyumbani.

Mengine ni ya kawaida. Tazama kama vitu vidogo vipo: saa za dashibodi, vioo, vitasa, kibao cha namba. Injini ya kubadilisha unaweza kuipata, lakini kitasa cha mlango kitakusumbua mwaka mzima. Namba ya chesisi isomeke kwenye chuma chenyewe, mbele kulia panaposhikwa springi, na ifanane na ya kwenye kadi. Kadi ikiwa kwa jina la marehemu, hakikisha kuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, la sivyo utanunua kesi. Na hadithi za muuzaji zisikilize kwa adabu, usizilipie. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, hilo ni kweli. Lakini ukiwasikiliza madalali wa hapa utadhani magari yote manne yamelala mtaa wa Mabawa hapa Tanga. Aonyeshe karatasi au picha.

Bei naipata hivi: nauliza gari kama hilo likiwa zima linauzwa kiasi gani, naondoa gharama ya kulifufua, naongeza nusu ya gharama hiyo kwa sababu mafundi hawajawahi kumaliza ndani ya bajeti yangu, naondoa na hiyo. Kinachobaki ndicho ninachotoa. Mara nyingi kinachobaki ni kidogo kuliko moyo unavyotaka.

Haya yote nilimwandikia kijana. Akajibu asubuhi: "Lakini kaka, fundi nimeshampa advansi laki tatu."

Mdogo wangu, hiyo laki tatu isamehe. Mwambie fundi umesafiri. Kisha kabla jua halijawa kali, ingia chini ya gari la babu na nyundo ndogo, gonga kutoka mbele kwenda nyuma, unirekodie sauti. Picha ya mbele usinitumie, siihitaji.